Mgeni wa Siku Sitini



Wazee wetu wa Pwani waliijua Ghuba kabla ya pasipoti. Kaskazi ilipovuma, majahazi ya Oman na Kuwait yalitia nanga Bandari ya Kale ya Mombasa yakileta tende, chumvi na mazulia. Kusi iliposhika, yalirejea kwao na boriti za mikoko. Upepo ndio uliompa nahodha ruhusa ya kuja, na upepo ndio uliomhimiza kuondoka. Aliyechelewa alikwama ugenini kwa miezi, akila mtaji wake mwenyewe. Leo safari hiyo ni saa tano za ndege, na mahali pa upepo pamekaa muhuri wa viza. Kanuni, hata hivyo, haikubadilika: kila safari ina muda wake, na anayeupuuza muda hulipa.

Mwenye kutaka kuwaona watu wa Pwani mjini Dubai na aende Deira. Huu ni mtaa wa kale, ng'ambo ya Bur Dubai, na baina yao umepita mkono wa bahari waitao Khor. Mashua za abiria ziitwazo abra huvusha watu kwa dirham moja. Gatini yamefungwa majahazi ya mbao yanayopakia majokofu, matairi na magunia ya mchele yaendayo Iran na Somalia. Hatua chache kutoka hapo lipo soko la dhahabu, ambalo kina mama wetu wanalijua vyema, na soko la viungo lenye harufu ya karafuu na iliki. Ukiingia ndani zaidi, upande wa Naif, utasikia Kiswahili cha Mombasa, cha Lamu na cha Unguja kikizungumzwa kama tuko Makadara.

Tulipopita hapo baada ya swala ya Alasiri, jambo moja lilitugusa. Kila kasha lililopangwa gatini lina hati yake: limetoka wapi, ni la nani, linakwenda wapi. Lakini katika vyumba vya juu ya maduka, vilivyogawanywa kwa mbao na mapazia ili watu kumi walale pa watu wawili, wamo wana wetu wasio na hati hata moja iliyo hai. Waliingia kwa viza ya matembezi, muda ukaisha, nao wakabaki.

Viza ya matembezi ya Falme za Kiarabu aghalabu hutolewa kwa siku 30 au 60. Mwenye viza hiyo ni mgeni: anaruhusiwa kuzuru jamaa, kutembea na kununua bidhaa, wala hana ruhusa ya kufanya kazi. Madalali wa kwetu hulijua hilo fika. Hata hivyo humwambia kijana, na zaidi humwambia msichana, kwamba aende tu kama mtalii, kazi ataipata akifika na viza itabadilishwa. Ni kweli kwamba wako waliobahatika, wakapata mwajiri mwaminifu ndani ya siku zao, wakahalalishiwa ukaazi na leo wanasomesha ndugu zao. Ila dalali husimulia habari za hao tu.

Wengine hufuata njia ya kutoka na kuingia. Siku zinapokaribia kwisha, huvuka mpaka hadi Oman au, kama ilivyokuwa desturi kwa miaka mingi, huenda kisiwa cha Kish cha Iran wakasubiri viza mpya. Kila mzunguko una gharama zake, na viza mpya si haki ya mtu. Inaweza kunyimwa bila ya sababu kutajwa. Anayeishi hivyo mwaka hata mwaka, nyumba yake imejengwa juu ya mchanga wa pwani maji yanapokupwa.

Siku inayofuata kwisha kwa viza ndipo hesabu inapoanza. Faini ni dirham 50 kwa kila siku, sawa na takriban shilingi 1,750 za Kenya. Katika msikiti mmoja wa Naif, baada ya Maghribi, kijana wa kwetu alitujia na suala la fiqhi. Mama yake alikuwa amefariki Mombasa na kuzikwa siku ile ile. Je, yafaa amswalie swala ya ghaibu? Tulimjibu kwamba katika madhehebu yetu ya Kishafi yafaa, na tukasimama pamoja naye tukaswali. Baadaye alitueleza kwamba alizidisha siku 420. Tulihesabu naye: dirham 21,000, yaani zaidi ya shilingi laki saba, ndizo zilizosimama baina yake na kaburi la mama yake. Kwa mwaka mzima alikuwa akiwaambia nyumbani kwamba atakuja mwezi ujao.

Hata hivyo, faini si hasara kubwa kupita zote. Hasara kubwa ni kupoteza sauti. Sheria za kazi za nchi ile zina manufaa mengi kwa mfanyakazi. Mwajiri hana ruhusa ya kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri wala kuizuia pasipoti yake. Sheria ya wafanyakazi wa nyumbani ya mwaka 2022 inawapa siku moja ya mapumziko kila wiki, saa 12 za kupumzika kila siku, zikiwamo 8 mfululizo, na likizo ya siku 30 kwa mwaka. Lakini ili mtu adai haki hizo, sharti kwanza aseme yeye ni nani na anafanya kazi wapi. Aliye na viza ya matembezi akisema hayo amejishitaki mwenyewe. Mwajiri dhalimu anajua hivyo. Humpa mshahara nusu, kisha robo, kisha humnyima kabisa. Akilalamika, huonyeshwa mlango. Tena tangu 2024 faini ya kumwajiri mtu asiye na kibali ilipandishwa, ikawa kati ya dirham laki moja na milioni moja. Mwajiri anayemwajiri mtu kwa siri ana sababu zaidi ya kumficha, na siku ya hatari, sababu zaidi ya kumtupa.

Wanawake ndio wanaobeba uzito zaidi. Dada anayepaka hina majumbani, anayepika mahamri na biriani za kuuza kutoka chumbani, au anayelea watoto wa watu bila ya mkataba, hana pa kukimbilia akiguswa heshima yake, kwani kwenda kituo cha polisi kwake ni kama kwenda jela. Akiugua hana bima, hivyo huvumilia mpaka ugonjwa umemshinda. Liko na la ndoa. Wapo wanaofungishwa nikaha chumbani kwa mashahidi wawili na walii kwa simu, bila ya kusajili popote, kwa kuwa mahakama itauliza hati zao. Nikaha ikitimiza nguzo zake ni nikaha mbele ya Mola. Lakini mtoto azaliwapo na wazazi wakaulizwa vyeti, huwa hawana cha kutoa, na kichanga kisicho na dhambi huanza maisha bila ya jina katika daftari lolote. Katiba yetu ya 2010 inamtambua mtoto wa raia wa Kenya kuwa raia popote alipozaliwa. Ila bila ya cheti cha kuzaliwa, kuithibitisha haki hiyo ni safari ndefu.

Tumewasikia wengine wakisema kwamba ardhi yote ni ya Mwenyezi Mungu, na mipaka ni mambo ya wanadamu tu. Ardhi ni yake, bila shaka. Lakini mwanzo wa Suratul Maida waumini wameamrishwa kutimiza ahadi, na mafakihi wetu wameiona idhini ya kuingia katika nchi ya watu kuwa ni ahadi miongoni mwa ahadi. Aliyejaza fomu akasema ni mtalii atakayeondoka, huku moyoni amekusudia kubaki, ameanza safari kwa uongo. Na Mtume (s.a.w.) alitufunza kwamba karamu ya mgeni ni siku tatu, yanayozidi hapo ni sadaka, wala si halali kwa mgeni kukaa mpaka akamdhiki mwenyeji wake. Wahenga wetu nao walimpa mgeni jembe siku ya tatu. Mgeni wa viza ya matembezi hakupewa jembe. Akilishika kwa kificho, hulima shamba asiloweza kudai mavuno yake.

Hatuyasemi haya ili kuwalaumu waliokwama. Wengi walisukumwa na ada za shule, deni la hospitali au wazee waliokosa mtunzaji, na wengine walihadaiwa na mtu waliyemwamini. Hao tuwape njia ya kutokea. Ubalozi wetu uko Abu Dhabi, na Dubai pana ubalozi mdogo. Aliyepoteza pasipoti au iliyomwishia muda anaweza kuomba hati ya dharura ya kurudi nyumbani. Falme zile pia zimewahi kufungua mlango wa msamaha. Mwaka 2018 ulifunguliwa, na mwaka 2024 ukafunguliwa tena kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Desemba. Waliojitokeza walisamehewa faini, na waliochagua kuondoka hawakupigwa marufuku ya kurudi. Mlango huo haufunguki kila mwaka, basi ukifunguka asikae mtu akingoja wenzake watangulie. Na sisi tulio nyumbani tuache kuwacheka wanaorudi mikono mitupu, kwa sababu wako wanaobaki katika dhiki kwa kuogopa midomo yetu tu.

Kwenu kina mama na kina baba, kabla hamjauza dhahabu ya nyumba au kipande cha shamba kwa ajili ya tiketi, muulizeni dalali: viza hii ni ya kazi au ya matembezi? Akisema ni ya matembezi na itabadilishwa hukohuko, mrudishieni karatasi zake. Akisema ni ya kazi, takeni kuuona mkataba wenye jina la mwajiri, kazi yenyewe na mshahara, na mthibitishe katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kwamba wakala huyo amesajiliwa. Mbakie na nakala ya pasipoti ya mwanenu na ya viza yake, mkaiandike ukutani tarehe ya mwisho kama mnavyoandika tarehe ya mitihani. Na apigapo simu, msiulize tu ametuma ngapi. Muulizeni hati zake zimefika wapi.

Riziki iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, naye ameihalalisha Mombasa kama alivyoihalalisha Dubai. Tunamwomba awafungulie wana wetu walio ugenini milango ya halali, awarudishe kwa salama wanaotaka kurudi, na awarehemu wazazi waliofariki wakiwangoja. Amin.

Wabillahi tawfiq.