Shangazi Mbele ya Simba

Oktoba ni mwezi wa wapiga picha katika bustani ya wanyama ya Frankfurt. Jua halipandi juu, mwanga wake ni mlaini, na majani yanageuka manjano kabla ya kupukutika, hivyo mnyama yeyote akisimama mbele yake anapata pazia ambalo mchoraji wa studio yoyote ya Kariakoo angelitamani. Ubaridi nao unasaidia, kwa kuwa simba aliyelala kutwa wakati wa joto sasa anatembea. Watu wanashuka treni ya chini ya ardhi kwenye kituo kinachoitwa Zoo, wengi wao wastaafu waliojifunga mitandio, wenye tiketi za mwaka mzima mfukoni. Mtu anaweza kukaa mbele ya ua mmoja asubuhi nzima akisubiri mnyama mmoja ageuze shingo.

Nimejifunza mengi kwao. Ufundi wao karibu wote una shabaha moja: bustani isionekane. Lenzi inasogezwa hadi karibu iguse wavu, tundu lake linafunguliwa mpaka mwisho, analengwa mnyama aliye mbali kidogo na wavu, na zile nyaya zinapotea kabisa pichani. Penye kioo unavalisha lenzi mpira na kuibana hapo hapo, ili sura yako isije ikarudi ndani ya picha. Ukuta wa saruji unaachwa nje. Mtunzaji akipita na ndoo ya nyama, kamera zinashushwa mpaka atokomee. Picha inayopatikana ni nzuri, sina ubishi, na anayeitazama anadhani imepigwa porini. Wenzangu kazini huniuliza kama simba wa kwetu ndivyo walivyo. Simba wa Frankfurt ni wa jamii ya Asia, ambao porini wamebaki Gir, India. Picha haina chochote cha kumwambia mtazamaji hilo.

Nyumbani, Dar es Salaam, mambo ni kinyume. Kwenye maonyesho ya Sabasaba, pale viwanja vya Barabara ya Kilwa, Temeke, foleni ndefu kuliko zote nilizowahi kusimama ilikuwa ya banda la Maliasili na Utalii, walikoletwa wanyama hai. Shangazi yangu wa Bunju alitoka asubuhi na watoto, dera jipya, daladala mbili. Alipofika mbele ya simba hakumpiga picha simba. Aliwapanga watoto kwa urefu, akasimama pembeni yao, akamkabidhi simu kijana asiyemjua. Katika picha ile wavu unaonekana wote, mgongo wa mlinzi unaonekana, na simba ni mkia na nusu ya paja. Mwaka jana nilimtumia picha yangu ya Frankfurt, ile ya manyoya yenye mwanga wa manjano. Akajibu kwa sauti: “Nzuri, mwanangu. Sasa nani alikuwepo?”

Nalibeba swali hilo kila ninapoingia pale getini, kwa sababu Frankfurt si bustani ya hivi hivi kwa Mtanzania. Bernhard Grzimek aliiongoza tangu 1945 hadi 1974, na ndiye aliyeruka na mwanawe Michael juu ya Serengeti kwa ndege iliyopakwa mistari ya pundamilia, wakihesabu wanyama. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka Januari 1959. Filamu yao kuhusu Serengeti ilipata Oscar mwaka 1960, na baba na mwana wamezikwa Ngorongoro. Upendo wao kwa wanyama wale ulikuwa wa kweli. Lakini mwaka huo huo wa 1959 Wamasai waliokuwa wakichunga ndani ya Serengeti walitolewa na kupelekwa upande wa Ngorongoro, na kwa Wajerumani wengi ninaozungumza nao, Serengeti hadi leo ni uwanda usio na mtu.

Kabla yao alikuwepo Carl Georg Schillings, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alipiga picha za simba usiku kwa mwako wa baruti katika nchi za kandokando ya Kilimanjaro. Kitabu chake cha 1905 kilimpa umaarufu mkubwa Ulaya. Kamera zile na vioo vyake vizito vya kunasia picha vilibebwa na wapagazi. Simba wa Schillings wanajulikana; waliobeba vioo hawajulikani.

Ndiyo maana naipenda Saanane, kile kisiwa cha Mwanza kilichofanywa bustani ya wanyama ya kwanza nchini mwaka 1964 na kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Kinabeba jina la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi pale. Alihama, ila kila tiketi inamtaja.

Kwa hiyo kwenye ugomvi huu wa picha mimi niko upande wa shangazi, na Frankfurt nimeanza kuuacha wavu uonekane, na mtunzaji na ndoo yake pia.

Sasa turudi Bunju. Ukipita Mabwepande unafika Pori la Akiba Pande, msitu wa takriban kilomita za mraba 12 ambao nyumba zetu zinazidi kuukaribia. Wakati huku majani yanapukutika, kule vuli inaanza na usiku komba wanalia. Mmoja wa komba waliokwisha kurekodiwa Pande ni komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, ambaye aliwahi kuwekwa kwenye orodha ya jamii 25 za kima na ndugu zao zilizo hatarini zaidi duniani. Hakuna foleni ya kumtazama. Na kwake lenzi yangu ya bei kubwa haina msaada mkubwa: komba wadogo wanafanana mno, na wataalamu huwatenganisha zaidi kwa milio. Anayehitajika ni mtu anayelala karibu na msitu, mwenye simu ya kawaida inayorekodi sauti, atakayetaja jina lake, mtaa na saa aliyousikia mlio. Shangazi ninampigia Jumamosi.