Ndege Yako Mwenyewe: Hesabu Niliyoikosea kwa Mstari Mmoja

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, tuongee kuhusu ndege. Simaanishi ndege ya kukatiwa tikiti. Namaanisha ndege yako mwenyewe, ile ndogo ya injini moja, ambayo ufunguo wake unakaa mfukoni pamoja na wa nyumba.

Kabla hujacheka, ngoja nieleze. Nina leseni ya urubani wa kibinafsi. Niliipata kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Pesa ya kibarua cha pembeni ikiingia, naenda Uwanja wa Wilson kununua saa moja ya mafunzo. Baba yangu alikuwa askari wa lango katika gereji moja ya ndege hapo Wilson, na wakati wa likizo za shule mimi ndiye niliyempelekea chakula cha mchana. Ugonjwa huu niliuokota hapo getini.

Mwaka jana, marafiki watatu tuliosomea urubani pamoja waliniletea habari. Kuna mzee anauza Cessna 172 ya mwaka 1975. Kwa asiyejua, hii ndiyo ndege iliyoundwa kwa wingi kuliko zote duniani: zaidi ya 44,000 tangu mwaka 1956. Vipuri vyake vinajulikana, na ni vigumu kupata fundi wa ndege ndogo ambaye hajawahi kufungua moja. Bei tuliyoelewana ilikuwa dola 70,000, karibu shilingi milioni 9. Tukiwa wanne, kila mtu anatoa milioni 2 na robo.

Mimi nilikuwa nazo. Shida ni kwamba mama alijua pesa hizo ni za ploti.

Programu ya dakika ishirini

Kwa vile mimi ndiye mtu wa kompyuta katika kundi, nilipewa kazi ya kupiga hesabu. Niliandika programu fupi ya Python: unaiambia mtaruka saa ngapi kwa mwaka, nayo inakuambia kila saa itawagharimu kiasi gani. Nambari ninazoweka hapa ni makadirio yangu ya duara, ili hesabu ieleweke. Ukiwa na zako, badilisha.

Kuna gharama za aina mbili. Ya kwanza ni zile unazolipa hata kama ndege haijasogea hatua moja:

- Bima: 270,000 kwa mwaka
- Maegesho: 240,000
- Ukaguzi wa mwaka na marekebisho madogo: 350,000
- Makaratasi na ada: 40,000

Jumla ni 900,000. Ukaguzi huo usiufananishe na wa gari. Ndege hufunguliwa vifuniko, fundi akatazama nyaya za usukani, akapima mgandamizo wa kila silinda, akatafuta kutu na nyufa. Akikuta kitu, huwezi kumwambia "tutaangalia mwezi ujao". Bila sahihi ya fundi, ndege hairuki.

Aina ya pili ni gharama za kila saa ya kuruka:

- Mafuta: lita 34 kwa shilingi 300, yaani 10,200
- Oili na huduma ndogo ndogo: 1,800
- Akiba ya injini: 2,000

Jumla ni 14,000 kwa saa. Mafuta yenyewe si ya kituo cha barabarani. Injini hii imezoea avgasi 100LL, petroli ya ndege ambayo bado ina risasi ndani yake.

Hiyo akiba ya injini inahitaji maelezo. Injini ya ndege hii ni Lycoming O-320, nguvu farasi 150. Kiwandani wanapendekeza ifunguliwe yote na kufanywa upya baada ya saa 2,000. Nilikadiria kazi hiyo kuwa shilingi milioni 4. Gawanya kwa 2,000, unapata 2,000 kwa kila saa. Kitu kidogo, sivyo?

Programu ikatoa majibu. Mkiruka saa 200 kwa mwaka, kila saa ni 18,500. Saa 100, ni 23,000. Saa 40, ni 36,500. Kukodi ndege ya aina hiyo niliweka 28,000 kwa saa. Kwa hivyo tukivuka saa 65 hivi kwa mwaka, tumewashinda wanaokodi. Watu wanne! Kila mmoja saa 17 tu! Tulikunywa soda siku hiyo kama watu waliokwisha kununua.

Swali la fundi

Baba ndiye aliyeniambia nisilipe kabla ya kumwonyesha fundi mmoja mzee aliyemfahamu tangu enzi za getini. Nilimpelekea hesabu ikiwa imechapishwa. Aliisoma kimya, kidole kikashuka mstari kwa mstari, kikasimama kwenye injini.

"Kijana, hii injini umeihesabia saa za kuruka."

"Ndiyo, mzee. Saa 2,000."

"Na kutu nayo inangoja uruke?"

Akanieleza. Injini ikiwaka hutengeneza mvuke wa maji, na baadhi yake huishia ndani ya oili. Ukiruka mara kwa mara, na kwa muda wa kutosha, joto huufukuza. Ukiiacha imesimama wiki sita, unyevu unabaki. Na katika injini hizi za Lycoming, kemshafti imekaa juu, kwa hivyo oili huteremka na kuiacha kavu. Kutu huanza hapo, mahali ambapo huwezi kupaona bila kufungua. Siku utakapoiwasha, kutu hiyo inasaga chuma kwa chuma.

Ndiyo maana kiwandani hawakusema saa 2,000 tu. Wanasema saa 2,000 au miaka 12, chochote kitakachotangulia. Nilikuwa nimesoma ukurasa huo kwa macho yangu. Nilichukua nusu iliyonipendeza.

Usiku huo nilibadilisha mstari mmoja wa programu: chukua iliyo kubwa zaidi kati ya saa gawanya kwa 2,000 na mwaka mmoja gawanya kwa 12. Maana yake, mkiruka chini ya saa 167 kwa mwaka, mnalipia injini kwa kalenda: milioni 4 gawanya kwa 12, yaani 333,000 kila mwaka, mruke msiruke. Saa 100 zikapanda hadi 24,300. Saa 40 zikapanda hadi 42,800. Na ule mpaka wa kuwashinda wanaokodi ukasogea kutoka saa 65 hadi 77. Na hapo sijahesabu ile milioni 9 ya kununulia, ambayo ingekaa benki ikizaa.

Saa zetu za kweli

Bado ungesema saa 77 si nyingi kwa watu wanne. Nami nilisema hivyo. Kisha nikawaomba wenzangu kila mtu alete daftari lake la urubani, tujumlishe saa za miezi 12 iliyopita.

Zilikuwa 40. Wote wanne.

Mmoja wetu alikasirika. Alisema tukiwa na ndege yetu tutaruka zaidi, na injini tutaiona mbele ya safari. Alitaka niufute ule mstari. Tulijibizana hadi usiku. Lakini tukipitia kila Jumamosi ambayo hatukuruka, sababu hazikuwa ukosefu wa ndege. Ilikuwa kazi, mvua, harusi, na mwisho wa mwezi kuwa mbali. Kumiliki ndege hakungeondoa hata moja. Kungeongeza ya mwisho.

Sikuufuta mstari. Hatukununua. Yule rafiki alininunia miezi miwili, na sikumlaumu. Hata mimi nilijinunia.

Nilipompa baba habari, alisema: "Nilikaa pale getini miaka mingi. Ndege nyingi nilizoona zikifa hazikuanguka popote. Zilisimama tu, tairi zikaisha upepo, nyasi zikaota."

Basi kama unafikiria kununua ndege, anza na daftari lako, usianze na bei. Angalia uliruka saa ngapi mwaka jana, si saa unazotamani kuruka. Ndege anayeimudu mtu ni ile anayoirusha.

Pesa ya ploti bado ipo, mama ametulia. Mwezi uliofuata nilitoa 28,000, nikakodi saa moja, nikamweka baba kiti cha kulia. Miaka yote ile ya getini alikuwa hajawahi kupanda. Tulipopaa alitazama chini akitafuta lango lake hadi akaliona, akanyoosha kidole. Hakusema neno mpaka tulipotua. Kisha akauliza saa nyingine ni lini.

Daftari langu la mwaka huu limefika saa 14. Zikifika 80, nitaifungua ile programu tena. :-)