Mbwa wa Dereva wa Mwembesongo

Katika mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, pana mtaa uitwao Mwembesongo. Alfajiri mtu akisimama uani huiona milima imejifunika ukungu kama mtu aliyejitanda shuka, na mara husikia malori yakinguruma kwenda Msamvu, penye njia panda. Njia moja yaenda Dar es Salaam, ya pili yaenda Dodoma, na ya tatu yaenda Iringa na Mbeya hata mpaka wa Zambia. Watu wengi wa mji huu hupata riziki yao kwa njia hizo.

Katika mtaa huo alikaa dereva mmoja, mtu wa makamo, Mluguru wa upande wa Mgeta. Alikuwa mgane, na watoto wake walikuwa wamekwisha kuhama. Kazi yake ilikuwa kuendesha lori la tajiri mmoja. Siku nyingi alipanda mlimani hata Nyandira kuchukua kabichi, viazi na njegere, akashuka nazo hata soko la Mabibo, Dar es Salaam. Utingo wake alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Waluguru hufuata ukoo wa upande wa mama, kwa hiyo mjomba kwao ni mtu wa heshima kubwa, na kijana yule alimtii mjomba wake katika kila jambo.

Siku moja ya masika walikuwa wakishuka mlimani, wakaona mtoto wa mbwa amekaa penye mtaro wa barabara, ameloa, anatetemeka. Dereva akasimamisha lori, akamtwaa, akamfunika kwa gunia. Walipofika Mwembesongo majirani wakakusanyika. Wakasema, "Dereva na mbwa, wapi na wapi? Utakapokuwa safarini siku nne, nani atamlisha?" Dereva akacheka, akajibu, "Waache waseme." Basi neno hilo likawa jina la mbwa, akaitwa Waseme.

Lakini swali la majirani lilikuwa swali la haki, na usiku dereva alilifikiri sana. Kumfunga mnyama kamba pasipo chakula wala maji ni ukatili. Kumwacha azurure mitaani ni kuwaletea watu hatari. Basi akakata shauri kwamba mbwa atakwenda naye kazini.

Kwanza alimpeleka kwa mganga wa mifugo apate kuchanjwa. Mganga akamweleza kwamba kichaa cha mbwa huambukizwa kwa mate ya mnyama mgonjwa, na dalili zikisha kuonekana kwa mtu, ni shida kubwa kupona. Karibu wote hufa. Akamsimulia habari za Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa. Mwezi wa Julai mwaka 1885 aliletewa mtoto wa miaka 9, jina lake Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Chanjo ya Pasteur ilikuwa bado haijazoeleka kwa wanadamu, lakini mtoto yule alichanjwa siku kwa siku, naye akapona. "Tangu hapo," akasema mganga, "hapana sababu ya mtu kufa kwa uzembe. Mbwa achanjwe kila mwaka. Na mtu akiumwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali, asingoje kesho." Dereva akapewa cheti cha chanjo, akakitunza pamoja na leseni yake.

Safari za kwanza Waseme alikaa ndani, miguuni pa dereva. Mpwa wake hakusema neno. Lakini baada ya siku chache dereva akaona kwamba kijana hali tena chakula ndani ya lori, na kila jioni hufua nguo zake, hata akiwa amechoka kabisa. Akamwuliza, "Mwanangu, una nini?" Kijana akainama, akajibu, "Mjomba, sina neno. Ila nataka kusali, na nguo zangu zina mate ya mbwa."

Kijana huyo alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Shafi, kama walivyo Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki. Katika madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Dereva alikuwa Mkristo, hakuwa ameliwaza jambo hilo. Akaona haya. Alijua kwamba kama asingeuliza, kijana angenyamaza mwaka mzima kwa sababu ya heshima ya mjomba. Akafikiri moyoni, "Mapenzi yangu kwa mbwa nimemtwisha mwenzangu."

Kesho yake akatafuta mbao, akatengeneza sanduku kubwa lenye dirisha la waya, akalifunga mbele ya bodi la lori, mahali penye kivuli na upepo. Waseme akapewa bakuli lake, gunia lake na kamba yake, na mtu wa kuvigusa akawa dereva peke yake. Tangu siku hiyo kijana akala ndani tena, na maongezi yakarudi.

Kila baada ya mwendo wa saa mbili walisimama, mbwa akashuka, akanywa maji, akanyosha miguu. Hawakumfungia hata mara moja ndani ya gari lililoanikwa juani; maana mbwa hatoki jasho mwili mzima kama mtu, hujipoza kwa kuhema, na ndani ya gari lililofungwa hufa upesi kwa joto.

Waseme naye alilipa nauli yake. Usiku mmoja walilala Chalinze, na wezi wakaja polepole kukata kamba za turubai. Mbwa akabweka hata madereva wote wakaamka, na wezi wakakimbia, wakaacha kisu chao chini. Tajiri alipopata habari alifurahi, akasema, "Mlinzi huyu haniombi mshahara." Dereva akajivuna kidogo. Akaanza kuona kwamba mahali popote aendapo yeye, mbwa naye ana haki ya kwenda.

Ikawa siku moja wakapewa shehena ya saruji kuipeleka Iringa. Njia ya Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na mwendo wake ndani ya hifadhi ni kama kilomita 50. Humo dereva hupaswa kwenda polepole, na kando ya njia zipo bao zilizoandikwa faini ya kila mnyama atakayegongwa. Twiga, tembo, nyati na swala huonekana hata kutoka barabarani. Mgeni haruhusiwi kuingia katika hifadhi za taifa na mbwa wake wa kufugwa. Dereva alilijua hilo, lakini alijiambia, "Mimi siingii, napita tu. Mbwa yumo sandukuni."

Jua lilipokuwa likitua, gurudumu la nyuma likapasuka. Kijana akashuka upesi kuweka pembetatu nyekundu mbele na nyuma ya lori, na dereva akatoa jeki. Upepo ukaleta harufu ya wanyama. Waseme akaanza kukwaruza mbao na kulia. Mlango wa sanduku ulifungwa kwa kipande cha kamba tu, kamba ikakatika. Kufumba na kufumbua mbwa akaruka chini, akawafuata swala waliokuwa karibu, akatoweka katika majani marefu.

Dereva akatupa spana, akataka kumfuata. Mpwa wake akamshika mkono kwa nguvu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akasema, "Mjomba, simba wamo humu. Mbwa akipotea tutalia. Ukipotea wewe, mama nitamwambia nini?" Dereva akasimama. Giza likaingia. Akapiga mluzi, akaita, hapana jibu.

Baadaye ikaja gari ya askari wa hifadhi waliokuwa katika zamu. Walipoliona gurudumu hawakukasirika, maana ni ajali ya kila siku. Lakini waliposikia habari za mbwa, mkubwa wao uso ulibadilika. Dereva akasema, "Bwana askari, naogopa simba watamdhuru mbwa wangu." Askari akajibu, "Bwana dereva, nami naogopa mbwa wako atawadhuru simba."

Dereva akadhani anafanyiwa mzaha. Askari akamweleza kwamba mwaka 1994, huko Serengeti, uliingia ugonjwa uitwao distempa, ambao ni ugonjwa wa mbwa. Simba wapatao 1000 walikufa, yaani kama theluthi ya simba wote wa nchi ile. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba asili ya ugonjwa ni mbwa wafugwao vijijini. Ndipo kazi kubwa ya kuchanja mbwa wa vijiji vile ikaanzishwa. "Na mbwa mwitu," akaendelea askari, "ni wachache sana duniani, na magonjwa hayo huweza kulimaliza kundi zima. Tena mbwa wako naye yu hatarini. Mbung'o wa pori akimwuma huweza kumpa ugonjwa wa nagana. Simba hana mganga, bwana. Mganga wake ni wewe kumwacha mbwa wako nyumbani."

Dereva hakuwa na la kujibu. Usiku ulipokuwa umeendelea, katika mwanga wa taa za gari yakaonekana macho mawili karibu na ardhi. Alikuwa Waseme. Alikuja akitambaa, sikio lake moja limepasuka na kutoka damu. Mnyama gani aliyemjeruhi, hapana aliyejua. Dereva akavaa mifuko ya plastiki mikononi, akamrudisha sandukuni, akafunga mlango kwa waya. Askari wakawasindikiza hata nje ya hifadhi.

Waliporudi Morogoro mganga wa mifugo akamchanja Waseme tena, akaagiza afungwe nyumbani, mbali na watoto na mbwa wengine, aangaliwe kwa majuma mengi. Maana jeraha la mnyama asiyejulikana laweza kuwa la mnyama mwenye kichaa, na ugonjwa huo hujificha muda mrefu kabla ya kuonekana.

Hapo dereva alipata jaribu kubwa kuliko lile la porini. Angeweza kusema kwamba sikio limepasuliwa na mwiba, wala hapana mtu ambaye angemwuliza zaidi. Akisema kweli, majirani watamlaumu, na labda watataka mbwa auawe. Alikaa mlangoni pake kitambo kirefu. Kisha akaondoka, akapita nyumba kwa nyumba, akasema, "Mbwa wangu ameumizwa porini na mnyama nisiyemjua. Amechanjwa, na amefungwa. Lakini wazuieni watoto wasimkaribie, na mtoto akikwaruzwa hata kidogo, nijulisheni saa ile ile."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya bibi mmoja, aliyekuwa amemsema zaidi ya wengine wote tangu siku ya kwanza. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, siku zote tulisema sisi, ukamwita mbwa wako Waseme. Leo umesema wewe. Basi nenda kazini kwako. Chakula chake nitamsogezea kwa fimbo."

Majuma yakapita. Kila jioni dereva alimtazama mbwa: je, anakula, je, anakunywa, je, anamjua bwana wake? Sikio likapona, likabaki na pengo. Muda aliouagiza mganga ukaisha, na mbwa hakuugua, akafunguliwa.

Baada ya hayo tajiri akampa tena shehena ya Iringa, akamwambia, "Mchukue na mlinzi wako." Dereva akajibu, "La, mzee. Njia ile si yake." Tajiri akanung'unika, lakini dereva hakubadili neno. Usiku walilala Ruaha Mbuyuni. Dereva hakupata usingizi, maana alizoea kumsikia mbwa akijigeuza sandukuni. Akachungulia nje, akamwona mpwa wake ameketi juu ya magunia na tochi mkononi, mahali pale pa Waseme. Kijana akasema, "Lala, mjomba. Leo mimi ndimi mlinzi."

Walirudi Mwembesongo siku ya tatu wakati wa alasiri. Lori lilikuwa bado halijaonekana, lakini Waseme alikwisha kuujua mngurumo wake, akasimama mlangoni pa bibi, mkia ukichezacheza na watoto wakimcheka. Dereva alipokuwa akizima injini, mpwa wake alitangulia kushuka. Akachukua dumu, akamimina maji katika bakuli la mbwa bila kuligusa, akarudi nyuma hatua mbili, akamwacha anywe.

Kesho yake ilikuwa zamu ya kupanda Nyandira kuchukua kabichi. Dereva akalijaribu komeo jipya la chuma alilolitia katika mlango wa sanduku, akaona ni imara. Akapiga mluzi mara moja, na Waseme akaruka akaingia.