Nani Aliyefungua Njia?



Katika sehemu ya Kiswahili ya gazeti letu, nawaeleza wanafunzi wa sasa, na wenzangu tuliotoka zamani, jambo lililonipata muhula uliopita nilipoalikwa shuleni. Jambo lenyewe lilianza kwa mdahalo, likaishia ukutani.

Chama cha Mdahalo kiliniita niwe mwamuzi. Mkutano ulifanyika katika chumba cha fizikia, kwa sababu ukumbi ulikuwa ukipakwa rangi. Hoja ilikuwa hii: kwamba kazi zilizofungua njia kweli kweli hupatikana katika sayansi peke yake, wala si katika michezo ya video wala katika mashindano ya magari. Vijana walisema vizuri sana, na kelele zilikuwa nyingi kuliko zamani zetu. Lakini nilisikia kwamba pande zote mbili zinagombea neno moja tu: nani alikuwa wa kwanza. Mmoja akisema, "Fulani ndiye wa kwanza," mwingine husimama na kusema, "La, kabla yake alikuwako fulani." Basi kutwa nzima wakawa kama watu wanaogombea mlango, wala hapana aingiaye ndani.

Nilipopewa nafasi ya kuamua, niliwaeleza habari tatu. Nazirudia hapa kwa ufupi.

Habari ya kwanza ni ya hapa kwetu Uganda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji aliyeitwa Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliitwa amtazame mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Hakujua la kufanya. Baada ya muda si mrefu alikuwa katika hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani, akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Watoto wawili, miji miwili, uvimbe mmoja. Mtu mwingine angalisikitika akaenda zake. Yeye alishuka akamtazama mtoto, kisha akaanza kuchungua madaftari ya wagonjwa, na kuandika barua kwa hospitali nyingi za Afrika kuuliza kama na wao wameuona uvimbe ule.

Majibu yalipokuja aliyatia katika ramani. Akaona kwamba ugonjwa unashika nchi za joto na mvua, na kuziacha nchi za juu zenye baridi. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford, wakatoka Kampala wakaenda mpaka kusini ya Afrika na kurudi, yapata maili 10,000 kwa muda wa majuma kumi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Mwaka huo huo Burkitt alitoa hotuba London, na katika wasikilizaji alikuwako mtaalamu mmoja, Anthony Epstein. Epstein alisikia habari za mvua na joto, akawaza kwamba huenda kuna kirusi. Vipande vya uvimbe vikawa vinapelekwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walikiona kirusi hicho kwa hadubini ya elektroni. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuwa kinahusika na saratani ya binadamu.

Sasa angalieni. Je, Burkitt ndiye wa kwanza kuuona uvimbe ule? Hata kidogo. Miaka mingi kabla yake, Dr. Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameuchora katika madaftari yake. Na kabla ya Cook, akina mama wa nchi hii walikuwa wameuona na kuulilia.

Habari ya pili ni ya magari. Baada ya vita vya pili vya dunia, Charles Cooper na mwanawe John walikuwa na gereji katika mji wa Surbiton, Uingereza. Walitengeneza vigari vidogo vya mashindano wakitumia injini za pikipiki. Injini ya pikipiki huzungusha gurudumu kwa mnyororo, na kwa kuwa magurudumu ya kusukuma yako nyuma, wakaona ni rahisi waiweke injini nyuma ya dereva. Hawakuwa na falsafa kubwa. Walifanya lililo rahisi. Lakini gari likawa jepesi, maana hapana tena chuma kirefu cha kupita chini ya dereva kutoka injini ya mbele. Dereva akakaa chini zaidi, na upepo ukapata pahali padogo pa kupiga.

Wakubwa waliyadharau magari hayo. Kisha mwezi wa Januari 1958, huko Argentina, Stirling Moss alishinda kwa gari la Cooper lenye injini ndogo kuliko za wenzake. Mwaka 1959 na mwaka 1960 Jack Brabham akawa bingwa wa dunia kwa gari lao. Mara ya kwanza petroli ilimwishia karibu na mwisho wa shindano la mwisho, akashuka akalisukuma gari kwa mikono mpaka akavuka mstari, akiwa wa nne! Mwaka 1961 hata Ferrari waliihamisha injini nyuma. Mwaka huo huo Brabham alilipeleka gari la Cooper kule Indianapolis, Marekani, akamaliza wa tisa. Na mwaka 1965 Jim Clark alishinda huko kwa gari la Lotus lenye injini nyuma. Tangu hapo mtengenezaji wa kuweka injini mbele alikuwa kama mtu aendaye sokoni kinyumenyume.

Je, hao Cooper ndio wa kwanza? Hapana. Wajerumani wa Auto Union walikuwa wameweka injini nyuma ya dereva tangu mwaka 1934, tena wakashinda. Lakini vita vilipokwisha, karibu wote walirudia kuiweka mbele.

Habari ya tatu ni ya michezo ya video, ambayo wazee wengi huidharau. Mwaka 1958, katika maabara ya Brookhaven, Marekani, mtaalamu wa fizikia aitwaye William Higinbotham alitengeneza mchezo wa tenisi katika kioo kidogo cha chombo cha kupimia umeme, ili wageni wasichoke siku ya kutembelea maabara. Watu walipanga mstari kuucheza. Mwaka uliofuata ulionyeshwa tena, kisha ukafunguliwa, vipande vikatumiwa kwa kazi nyingine. Mwaka 1972 kijana Allan Alcorn, katika kampuni ya Atari, alipewa kazi ya kujizoeza tu: atengeneze mchezo rahisi wa mpira wa meza. Ndio ulioitwa Pong. Mashine ya kwanza iliwekwa katika kilabu cha pombe katika mji wa Sunnyvale, California. Baada ya siku chache ikakataa kufanya kazi. Fundi alipoifungua alikuta ugonjwa wake ni mmoja: kasha la sarafu limejaa mpaka pomoni. Na mwaka 1976 Mmarekani mweusi, mhandisi Jerry Lawson, aliongoza kazi ya kutengeneza mashine ya Fairchild, ambayo michezo yake ilitiwa katika vikasha vya kuchomeka na kuchomoa. Zamani mchezo ulikuwa mfungwa wa mashine. Sasa mashine moja ikaweza kucheza mchezo ambao haujabuniwa bado siku iliponunuliwa.

Basi nikawaambia vijana uamuzi wangu. Kufungua njia si kuwa wa kwanza kupita. Ng'ombe aliyepotea naye huweza kuwa wa kwanza kupita msituni. Amefungua njia yule ambaye, baada yake, wenzake hawawezi tena kuenenda kama kwamba hakupita. Kwa kipimo hicho daktari, fundi wa gereji na mtengeneza mchezo wote husimama katika mstari mmoja, na hoja ya mdahalo imeshindwa. Na tena, katika habari zote tatu, mlango ulifunguka kwa kuwa mtu alikitazama kitu kidogo, au kitu cha zamani, akauliza, "Hiki kinafanyaje?"

Nilikuwa karibu kumaliza. Ndipo macho yangu yakaangukia ubao mdogo juu ya kabati la vyombo. Ni ubao wa kanuni za Chama cha Sayansi. Rangi imefifia, lakini mwandiko niliujua, kwa kuwa ni wangu. Kanuni ya tatu yasema: Kazi isiyokuwa mpya haitapokewa katika maonyesho. Nilikatiza maneno, nikashukuru, nikakaa. Vijana walipiga makofi. Sikustahili makofi yale, na ndiyo sababu naandika.

Mwaka 1998 nalikuwa kidato cha tano, mwenyekiti wa Chama cha Sayansi, na kichwa kimevimba kama andazi lililotiwa hamira nyingi. Shule ilikuwa na kompyuta mbili tu, na wanafunzi wa vidato vya chini hawakuruhusiwa kuzigusa. Juma moja kabla ya maonyesho, mtoto wa kidato cha pili alinijia na daftari la hesabu. Alikuwa ameandika humo, kwa penseli, programu nzima ya kuifanya kompyuta icheze omweso. Hakuwa amepata kuijaribu hata mara moja. Aliomba nusu saa tu ya kompyuta.

Sikulifungua daftari. Nilimwuliza mbele ya wanachama, "Omweso alicheza babu yako na babu wa babu yako. Jipya hapa ni lipi?" Watu wakacheka. Mtoto akachukua daftari lake akatoka. Jioni ile nikaiandika kanuni ya tatu, nikajiona hakimu. Na mimi, wasomaji wapenzi, nilionyesha nini siku ya maonyesho? Kengele ya umeme, niliyoinakili kutoka kitabuni neno kwa neno, na picha kwa picha. Nikapata zawadi ya pili.

Mwaka 2016 simu yangu ilizimika nikiwa Kampala. Niliipeleka kwa fundi mmoja katika kibanda. Nilipotaja jina langu aliandike, aliinua uso akanitazama sana. Akasema, "Shikamoo, Bwana Mwenyekiti."

Nilimjua papo hapo. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nilikukosea."

Akacheka, akaendelea na bisibisi yake. "Ulisema kweli, kaka. Omweso si mpya. Lakini nilikaa miezi miwili nikitafuta jinsi ya kuieleza kompyuta izungushe kete isipotee. Nikapata. Nilitaka mtu mmoja tu aniulize nimepataje. Hakuuliza mtu."

Nikamwuliza, "Basi ulipataje?"

Aliweka bisibisi chini. Alinitazama kwanza, aone kama namfanyia mzaha. Kisha akachukua karatasi, akachora mashimo 32, safu nne za manane. Akanionyesha kwamba kila mchezaji anamiliki mashimo 16, na kwamba ukiyapa namba kwa mzunguko, 1 mpaka 16, huna haja ya kuieleza kompyuta habari ya safu wala kona. Ongeza moja, ikifika 17, ifanye 1. Safu mbili zimekuwa duara. Kazi yote ya kuzungusha kete 64 imelala katika mstari mmoja wa programu. Mtoto wa kidato cha pili aliyaona haya peke yake, kwa penseli, pasipo kompyuta. Wateja walionisubiri nyuma wakaanza kunung'unika, lakini yeye alieleza mpaka mwisho. Simu akaitengeneza, na bei hakunipunguzia hata shilingi moja.

Sisemi kwamba mtoto yule angalifungua njia ya dunia. Hilo siwezi kulijua, na kutojua kwenyewe ndiko kunakonichoma: mlango niliufunga mimi kabla haujajulikana unaelekea wapi. Nilimwuliza swali lisilofaa. "Jipya ni lipi?" ni swali la kuulizwa baada ya miaka, wakati nyayo za waliofuata zimekwisha onekana. Siku ile ya kwanza swali ni moja tu: "Kinafanyaje?"

Kwa hiyo nakiomba Chama cha Sayansi mambo mawili. La kwanza, kiushushe ubao ule na kuifuta kanuni ya tatu. Kama hapana mtu mwenye ngazi, nitakuja mwenyewe. La pili, katika maonyesho ya mwaka huu iwekwe meza moja na kompyuta moja kwa ajili ya kidato cha kwanza na cha pili, na kila mwenye daftari apewe nusu saa yake. Gharama ya meza na kompyuta nitaichukua mimi, wala isiitwe zawadi. Ni deni, nalo limechelewa sana.



Mimi, mwanafunzi wenu wa zamani.