Tembea Majini na Watoto: Tuliyojifunza Wingwi, Pemba

Wengi wetu tunaoishi pwani tunaitazama bahari kila siku lakini hatuipandi. Bahari kwetu ni ya wavuvi, ni ya meli za kwenda Unguja na Dar es Salaam, ni ya mwani na pweza. Kuipanda kwa ajili ya kupumzika tu, pamoja na watoto, ni jambo tulilowaachia wageni wa hotelini. Safari hii tuliona tulijaribu wenyewe. Tulikuwa akina mama 8 na watoto 11, tukaenda Wingwi, kaskazini mwa Pemba. Haya tunayowaletea ni yale tuliyoyaona na tuliyofundishwa na watu wa huko, ili nanyi mkipata likizo mjue maji ya kuchagua na chombo cha kupanda.

WINGWI NI WAPI?

Wingwi ni eneo la vijiji katika Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Ukishuka melini katika bandari ya Mkoani, unapita Chake Chake kwa gari ya abiria na kuendelea kaskazini. Njiani ni vilima na mabonde, mikarafuu, minazi na mashamba ya mihogo. Ukikaribia Micheweni ardhi huanza kuwa ya mawe, na harufu ya bahari inakupokea kabla hujaiona.

Pemba ni kisiwa chenye urefu wa kilomita 67 hivi. Upande wa magharibi kimekatwakatwa na hori nyingi na visiwa vidogo. Upande wa mashariki, sehemu kubwa ni pwani iliyonyooka yenye mwamba, na nje ya mwamba ni bahari kuu. Lakini huku kaskazini mashariki iko rasi ndefu ya Kiuyu, iliyojitokeza baharini kama mkono. Rasi hiyo inayakinga maji ya ndani yasipigwe moja kwa moja na mawimbi makubwa. Ndiyo sababu tukaichagua Wingwi.

MAJI YAPI YANAFAA?

Tulipofika tulikwenda kwanza kwa sheha, kama ilivyo adabu ya Zanzibar, naye akatukutanisha na nahodha mmoja mtu mzima, mvuvi tangu utoto wake. Tukamwamkia, tukamweleza haja yetu. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza swali moja tu: "Mama zangu, watoto hawa wanajua kuogelea?" Tulipomjibu kwamba wanaojua ni 3, akatugawia bahari mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni maji ya ndani, penye mikoko. Hapa maji ni matulivu, kina si kirefu, na ukingo wa nchi kavu hauko mbali. Fungu la pili ni maji yaliyo kati ya ufukwe na mwamba. Haya ni mazuri wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari inapolala. Lakini kusi likivuma kwa nguvu, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi huruka mwamba na mahali hapo hapafai kwa watoto. Fungu la tatu ni nje ya mwamba. "Huko ni kazini," alisema, "si matembezini."

Tunaona kipimo hiki kinafaa popote, hata kwa wasomaji wetu wa Tanga, Mtwara, Lamu au kandokando ya Ziwa Victoria. Kabla ya kuuliza nauli, uliza: chombo kikipinduka, mtoto wangu atakuwa mbali kiasi gani na mahali pa kusimama?

SIKU IPI, NA SAA NGAPI?

Hili ndilo somo lililotushangaza kuliko yote. Mtu wa pwani hatazami kalenda ya ukutani tu, anahesabu mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ndipo huja bamvu: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika bahari ya Zanzibar, tofauti kati ya kujaa na kupwa siku za bamvu yaweza kufika mita 4 hivi. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na saa nne asubuhi yamekwisha kupwa kabisa. Ndiyo maana akina mama wa mwani na wa pweza huwaona wengi pwani asubuhi za bamvu. Kwao ni wakati wa kazi, lakini kwa mwenye chombo hori zima ni tope.

Mwezi ukifika siku ya 7 au 8, na tena siku ya 22 au 23, maji huwa mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana, na mkondo hauna nguvu nyingi. Kwa bahati njema, siku hizo maji hujaa katikati ya asubuhi, wakati ambao watoto wamekwisha kunywa chai na jua halijawa kali. Basi kwa familia, asubuhi ya maji mafu ndiyo siku ya kuchagua. Kumbuka pia kwamba kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko siku iliyotangulia.

Jambo jingine: ondoka maji yakiwa yanajaa. Chombo kikikwama kwenye fungu la mchanga wakati maji yanajaa, subiri kidogo tu, bahari yenyewe itakunyanyua. Kikikwama maji yanapokupwa, mtakaa hapo saa nyingi juani, na watoto wanalia.

CHOMBO KIPI?

Dikoni tulikuta vyombo vya namna nne.

Mtumbwi ni gogo moja lililochongwa, mara nyingi la mwembe. Ni mwepesi, unapita hata penye maji ya magoti, na huendeshwa kwa kafi au pondo. Lakini huyumba upesi. Mtoto mmoja akisimama ghafla, wote mko majini. Unawafaa watu wawili au watatu wanaojua kutulia.

Ngalawa ni mtumbwi uliofungiwa miti miwili ya kukingama, na kila upande pana ubao unaolala juu ya maji. Mbawa hizo ndizo zinazoizuia isipinduke. Wanahistoria wengi wanaihusisha fundi hii na mabaharia waliotoka pande za Indonesia zamani sana. Ngalawa ina tanga moja, haihitaji kina kirefu, wala haina kelele. Ubaya wake ni wembamba: hukai kwa starehe, na ukingo wake hauko juu sana ya maji.

Mashua ni chombo cha mbao, kipana, chenye nafasi ya kukaa. Kinafaa kwa safari ndefu kidogo, lakini kinataka kina, na katika hori za mikoko hukwama.

Boti ya faiba yenye mashine ni ya haraka, na watoto wetu waliipenda mara tu walipoiona. Lakini mashine ikizimika bila makasia, boti hiyo ni pipa linaloelea. Tena rafadha yake ni hatari kwa mtoto aliye majini, na hukata kamba za mwani. Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Tungefurahije matembezi yetu kwa kukata riziki ya mama mwenzetu?

UAMUZI WETU

Hapa wenzetu waligawanyika. Mwenye boti moja alikuwa tayari kutuchukua wote 19 kwa mara moja mpaka karibu na mwamba, kwa bei nafuu. Baadhi yetu walisema tumetoka mbali, tumetumia fedha, na watoto wametazamia kuuona mwamba. Tulikaa chini ya mkungu tukazungumza.

Kilichotuamulia ni kumbukumbu. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I, ikitoka Unguja kuja Pemba, ilizama ikiwa imebeba watu wengi kupita kiasi. Hapa Pemba hakuna kijiji ambacho hakikuguswa na habari ile. Na mwanzoni mwa Januari 2022 boti ndogo iliyowachukua watu waliokuwa wakienda kutoa mkono wa rambirambi Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, ilizama, na watu wasiopungua 9 walifariki. Safari yao haikuwa ndefu. Bahari haipimi urefu wa safari kwanza ndipo iwe na hatari.

Basi tukasema hapana kwa boti ile, tukachukua ngalawa 2 ndani ya maji ya mikoko, tukaenda kwa zamu. Kila ngalawa ilibeba mama 2 na watoto 2, pamoja na nahodha na msaidizi wake. Zamu moja ilikuwa ya nusu saa tu. Waliobaki walicheza ufukweni, na kila zamu mama mmoja alihesabu watoto wa nchi kavu. Watoto wakubwa walinuna. Walinuna mpaka zamu yao ilipofika.

TULIYOYAONA

Ndani ya hori upepo ulipungua, nahodha akashusha tanga na kushika pondo. Mizizi ya mikoko ilisimama majini kama miguu mingi ya kaa. Yange weupe waliruka kutoka tawi hadi tawi. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini miti hii haifi kwa chumvi. Nahodha akamwonyesha mche na mizizi yake, akaeleza kwamba mikoko ndiyo kitalu cha samaki: kamba na samaki wachanga hujificha humo mpaka wakue. Anayekata mikoko kwa kuni anapunguza kitoweo cha kesho. Tulirudi na somo ambalo mwamba usingetupa.

KABLA HUJAWEKA MGUU CHOMBONI

Wahenga walisema, chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Haya ndiyo tuliyoyakagua, nawe uyakague:

1. Jaketi ya kuokolea maisha kwa kila mtu, na ya mtoto iwe ya kipimo cha mtoto. Mvalishe, uifunge, kisha uinue mabegani. Ikipanda mpaka masikioni, haimfai. Dumu tupu lililofungwa vizuri ni msaada wa ziada, si badala ya jaketi.

2. Ukingo wa chombo mkiisha kukaa. Nahodha wetu aliweka shubiri yake kati ya ukingo na maji. Maji yakigusa kidole, mtu mmoja hushuka.

3. Upo wa kufulia maji, kafi mbili au makasia, kamba na nanga. Hata boti ya mashine iwe navyo.

4. Sakafu ya chombo. Maji kidogo ni kawaida, lakini yakiongezeka chombo kikiwa kimetulia, kinahitaji kukalafatiwa kabla ya kubeba mtoto.

5. Simu iliyojaa chaji ndani ya mfuko usiopenya maji, na mtu wa nchi kavu anayejua mtarudi saa ngapi.

6. Mavazi. Kanga ikilowa huzonga miguu. Vaa suruali nyepesi ndani ya gauni. Utakuwa na stara, na ukianguka majini miguu yako itakuwa huru. Wenyeji wa Wingwi ni Waislamu, nao walitupokea kwa ukarimu mkubwa. Kuvaa kwa heshima ni sehemu ya shukrani.

7. Maji ya kunywa, kofia, na mfuko wa kurudishia takataka zenu.

KUOGELEA SI KWA WAVULANA TU

Tungependa kumalizia na neno moja kwa wazazi. Katika watoto wetu 3 waliojua kuogelea, wote walikuwa wavulana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, wengi wao wakiwa vijana na watoto. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yao ya stara, na wengi wao walizaliwa hatua chache tu kutoka ufukweni. Ikiwa wao wameweza, mabinti zetu nao wanaweza.

Jioni ile, kabla ya kuondoka Wingwi, tulikubaliana kwamba safari ijayo itangojea. Kwanza kila mtoto, wa kike na wa kiume, ajifunze kuelea na kuogelea katika maji ya kiunoni, mama yake akiwa karibu. Wakishaweza, tutarudi wakati wa kaskazi, siku ya maji mafu, twende tukautazame mwamba. Nahodha ametuambia atatungoja.