Kifurushi Kilichokataa Kuingia

Leo sina habari za simu mpya. Nataka kuungama kosa langu, maana lilinifunza mengi kuhusu vifurushi vya Debian.

Kuna shule moja ya upili ninayoisaidia kwa mambo ya kompyuta. Wanatumia programu huria ya kuweka alama za wanafunzi, nami ndiye niliyeitengenezea kifurushi cha .deb. Tuiite alama. Toleo 1.0 liliingia bila neno. Katika toleo 1.1 nikaona nipange mambo vizuri: programu ibaki kwenye alama, violezo vya ripoti vihamie kwenye kifurushi kipya, alama-data. Nikajaribu kwenye mashine safi, kila kitu sawa. Nikawatumia.

Alhamisi jioni simu ikalia. "Fundi, umetuulia mashine," akasema mwalimu. Shule inafungwa kesho, ripoti hazijachapishwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na alama za watoto zimepotea?" Nikamwambia, "La, Mwalimu, ziko ndani ya /var/lib/alama, hazijaguswa." Lakini hata mimi moyo ulinidunda.

Alikuwa ameanza na alama-data kwa dpkg -i, kama nilivyomwandikia. dpkg ikakataa: faili ya kiolezo inayotaka kuandikwa tayari ni mali ya alama 1.0. Nikakasirika. Si ni faili ile ile? Lakini dpkg haijui nia yangu. Inachojua ni kwamba kila faili ina mwenyewe mmoja, na mgeni amekuja kuichukua bila ruhusa.

Kuna njia ya mkato, --force-overwrite. Nusura nimwambie aitumie. Lakini hapo ningekuwa nimemfunza kuziba mdomo wa mlinzi kila anapopiga kelele, na siku moja angefuta faili ya programu nyingine kabisa. Dawa halisi ni mistari miwili katika debian/control, chini ya alama-data:

Breaks: alama (<< 1.1)
Replaces: alama (<< 1.1)

Replaces inaruhusu faili zibadilishe mwenyewe. Breaks inasema alama ya zamani haiwezi kuendelea kutumika pamoja na kifurushi hiki kipya. Nikatengeneza upya, nikamwambia asakinishe vyote viwili kwa mpigo mmoja wa apt, maana apt ndiyo inayojua kipi kitangulie.

Kosa la kwanza likaisha, la pili likatokea! Sasa postinst ilikufa, na dpkg -l ikaonyesha alama ikiwa na herufi iF, yaani imeingia lakini imekwama katikati ya kusanidiwa. Nikamwomba aandike:

sh -x /var/lib/dpkg/info/alama.postinst configure 1.0-1

Hiyo -x huonyesha kila amri inapotekelezwa. Mstari wa mwisho ulikuwa useradd. Mtumiaji alama alikwisha kuundwa tangu toleo 1.0, kwa hivyo useradd ikarudisha kosa, na kwa kuwa juu ya skripti niliandika set -e, yote ikasimama. Ilitakiwa niulize kwanza kwa getent passwd kama mtumiaji yupo. Skripti ya kifurushi sharti iweze kuendeshwa mara kumi na kuacha mambo vile vile kama mara moja.

Saa nne usiku printa ikaanza kulia. Mwalimu hakusema asante. Alisema tu, "Haya, lala," nami nikajua nimesamehewa.

Makosa yote mawili yalikuwa kwangu tangu mwanzo. Sikuyaona kwa sababu nilijaribu kwenye mashine safi tu, na mashine safi haina toleo la zamani wala mtumiaji wa zamani. Siku hizi situmi kifurushi kabla ya kukijaribu mara tatu: kukisakinisha upya, kukipandisha kutoka toleo lililotangulia, na kukiondoa kisha kukirudisha. Kuna chombo kiitwacho piuparts kinachofanya majaribio ya namna hii chenyewe. Kama unatengeneza vifurushi, kitumie kabla mwalimu hajakupigia simu.

Haya, tuonane tena.