Jiko la Gesi Katika Nyumba ya Ole

Ole ni kijiji cha kisiwa cha Pemba kilichokaa baina ya mikarafuu na minazi, mahali inapoanzia barabara iendayo kusini hadi Kengeja. Katika ua wa nyumba moja ya kijiji hicho palikuwa na banda la jiko ambalo umri wake ulizidi umri wa mwenye nyumba. Kuta zake zilikuwa za fito na udongo, na paa lake la makuti. Na kati ya ukuta na paa iliachwa nafasi ya kadiri ya dhiraa moja ili moshi upate njia. Aliyelijenga hakuwa mhandisi, lakini aliijua tabia ya moshi, kwamba ni wa moto, ni mwepesi, na hupenda kupanda. Juu ya mafiga ulitundikwa uchaga, na juu ya uchaga kuni mbichi zilikauka kwa joto la kuni kavu zilizowaka chini yake. Kila kitu mle kilikuwa cheusi kama lami. Wageni wa mjini waliuita weusi huo uchafu, wala hawakujua kwamba masizi yale yaliwazuia wadudu wasiyale makuti, hata paa la jiko likadumu kuliko paa la banda la mbuzi.

Mwenye nyumba alikuwa mwalimu wa skuli. Alikaa na mkewe, watoto watatu, na mama yake mzazi, ambaye ndiye aliyekuwa mtawala wa banda lile. Mama huyo alikuwa na kikohozi cha alfajiri kisichokwisha, na mwalimu alikuwa amesoma kwamba Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 peke yake. Mtu huweza kusoma hesabu kama hiyo akafunga gazeti akalala. Lakini ni vigumu kulala wakati hesabu inakohoa chumba cha pili. Umeme ulikuwamo nyumbani, kwa kuwa Pemba ilikwisha unganishwa na Tanga kwa waya upitao chini ya bahari katika mwaka 2010. Ila mwalimu alipopiga hesabu ya kupikia maharage kwa umeme, aliuacha umeme uwashe taa. Akaazimu kununua jiko la gesi.

Dukani Chake Chake alikuta mitungi ya namna mbili iliyomfaa. Mmoja ulikuwa wa kilo 6, na jiko lake huskruwiwa juu ya mtungi wenyewe, ukakaa sakafuni kama kitoto cha figa. Wa pili ulikuwa wa kilo 15, nao ulihitaji jiko la meko mawili, mpira, na regulata ya kupunguza nguvu ya gesi kabla haijafika motoni. Wa kwanza ulikuwa rahisi na ulibebeka. Mwalimu, kama walimu wengi katikati ya mwezi, alichagua wa kwanza, akaupakia garini, akarudi nao Ole kwa furaha kubwa.

Kwa tahadhari alimwita fundi, mtu wa makamo aliyefanya kazi Maskati miaka mingi kabla ya kurejea kwao. Fundi aliutazama mtungi, akawaita watu wote wa nyumba uani. Aliwaeleza kwamba gesi ya kupikia haina harufu ya asili. Harufu mbaya iliyomo hutiwa kwa makusudi ili pua iwe mlinzi wa nyumba. Kisha, mbali na moto wowote, aliifungua vali kwa nukta moja tu, akaifunga, ili kila mmoja aijue harufu hiyo. Watoto wakaziba pua wakicheka. Mke wa mwalimu akarudi nyuma.

Bibi wa nyumba alibaki amesimama palepale akingoja. "Mbona hufungui, mwanangu?" alimwuliza fundi.

"Nimekwisha fungua, Bi mkubwa, na kufunga nimekwisha funga."

Kicheko cha watoto kilikatika. Ikabainika uani pale kwamba mama yule hakuwa na uwezo wa kunusa, na kwamba alikuwa ameificha siri hiyo kwa muda mrefu. Uzee peke yake hupunguza kunusa, na moshi hausaidii. Alikuwa akipima chumvi kwa ulimi na wali kwa mlio wa chungu. Na katika msimu, karafuu zilipoanikwa majamvini na Ole nzima ikajaa manukato ambayo wageni huyasimulia hata wakifika kwao, yeye alizijua zilizokauka kwa kuzivunja kwa kucha tu. Mwanawe alikumbuka uji ulioungua siku mbili za Ramadhani iliyopita, akakumbuka pia kwamba alinung'unika juu yake.

Usiku ule mwalimu alinena kwa upole, lakini alinena neno lisilofaa. Alisema, "Mama, basi jiko hili usiliguse wewe. Mkweo atapika."

"Umeniletea jiko, mwanangu, au umeniachisha kazi?" alijibu mama. "Nimepika mle tangu nilipoletwa nyumba hii. Sijachoma banda nilipokuwa na pua, wala sijalichoma nisipokuwa nayo."

Mwalimu alikuwa na haki ya kuogopa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ile iitwayo propeni huizidi mara moja na nusu hivi, na ile iitwayo buteni huizidi kadiri ya mara mbili. Ikivuja haipandi kuifuata ile nafasi ya dhiraa moja iliyoachwa juu ya ukuta. Hushuka, ikajitandaza sakafuni kama maji, ikajaa pembeni na chini ya meza, na sehemu mbili tu za gesi katika mia za hewa hutosha kushika moto kwa mshindo. Banda lililojengwa kwa hekima ya moshi lilikuwa jinga kabisa mbele ya gesi. Lakini mama naye alikuwa na haki, kwani mwanamke aliyeondolewa jikoni mwake kwa sababu ya huruma ameondolewa vilevile.

Fundi ndiye aliyelifungua fundo. Aliporudi siku ya pili alisimulia kwamba kuna Wazungu wasafirio kwa magari wanayolala ndani yake, wakatiamo majiko na hita za gesi, kwa sababu baridi ya kwao huua. Huko Maskati aliwahi kutengeneza gari moja la namna hiyo. Mtungi ulikuwa ndani ya kasha lake, limezibwa upande wa chumba cha kulala, na chini ya kasha pana tundu litokalo nje ya gari, ili gesi ikivuja imwagike barabarani. Hita nayo ilivuta hewa kutoka nje na kutoa hewa chafu nje, isigusane na pumzi za watu hata kidogo. Maana moto uwakao katika chumba kilichofungwa, uwe wa gesi au wa makaa, hutoa sumu isiyoonekana wala kunusika na mtu yeyote.

"Mzungu yule alikuwa na pua nzima," alisema fundi, "lakini alijenga kama asiye nayo, kwa kuwa mtu aliyelala hanusi."

Maneno hayo yalimgeuza mwalimu. Alikuwa akitafuta nani ailinde nyumba. Sasa akaanza kutafuta namna nyumba itakavyojilinda. Mtungi mdogo aliuuza kwa jirani muuza kahawa, ambaye hupikia barazani penye upepo, akapata hasara kidogo. Akarudi Chake Chake akanunua mtungi wa kilo 15 na jiko la meko mawili lenye kifaa cha usalama. Kifaa chenyewe ni ncha ndogo ya chuma ikaayo ndani ya mwali. Moto ukizimika, chuma hupoa, na njia ya gesi hujifunga. Bei yake ilimfanya aahirishe kununua baiskeli.

Kazi ya kulitia ilichukua siku mbili. Mtungi uliwekwa nje ya banda, umesimama wima juu ya jiwe la bapa, chini ya kipaa cha makuti kilichoukinga na jua. Mpira ulipitishwa ukutani ndani ya kipande cha bomba ili udongo usiukwaruze, ukabanwa kwa vibano ncha zote mbili. Kisha fundi akatoboa ukuta usawa wa sakafu, upande wa chini wa ua, tundu mbili za upana wa kiganja. Bibi alipinga tundu hizo kuliko alivyopinga jambo lolote, akisema kwamba amekaribisha nyoka. Zikatiwa wavu wa chuma, na mlango ukapigwa marufuku kufungwa wakati wa kupika.

Likabaki swali la pua. Fundi alichukua bakuli, akakoroga povu zito la sabuni ya kufulia, akalipaka kwenye kila kiungo, na kimoja akakilegeza kidogo ili bibi aone. Povu likavimba, likafanya kipovu, kikakua, kikapasuka. Bibi akainama akatazama kwa muda mrefu, akamwambia akaze, kisha akamwambia alegeze tena. Macho yake yalikuwa mazima. Tangu siku ile kila Ijumaa asubuhi alizunguka na bakuli lake na kipande cha kumbi cha kupakia, na kila usiku aliufunga mtungi kwa mkono wake mwenyewe.

Gesi haikuyafukuza mafiga yote. Wali wa nazi hutaka kupaliwa makaa juu ya kifuniko, na hakuna jiko la gesi lililokubali kuwaka juu ya chungu. Hivyo figa tatu na gunia la makaa vilibaki pembeni, na kwa wali wa Ijumaa moshi kidogo ulipanda kama zamani. Lakini chai ya alfajiri, maharage, na mchuzi vilihamia kwenye gesi, na kikohozi kikapungua ingawa hakikwisha.

Mwezi wa nne hivi, Ijumaa moja, bibi alimwita mkwewe. Chini ya kibano cha upande wa jiko palikuwa na kipovu kidogo kuliko punje ya mtama, kinavimba polepole. Mke wa mwalimu akainama akanusa mara mbili, asipate kitu. Bibi hakungoja anuse mara ya tatu. Alitoka nje akafunga mtungi. Mwalimu aliporudi kutoka msikitini aliagiza mpira mpya na kibano kutoka Chake Chake, na chakula cha siku ile kikapikwa chote juu ya mafiga.